Chakula huharibikia mlangoni: mwongozo wa kupokea, kuhifadhi na kusambaza kwa anayeanza

Kila anayefungua stoo ya chakula huniuliza maswali yale yale. Friji iwe nyuzi ngapi? Magunia yapangwe vipi? Mzigo ukifika umelegea nifanyeje? Umeme ukikatika usiku je? Nimechoka kumjibu mmoja mmoja, kwa hiyo nimeyaweka yote hapa kwa kufuata kazi inavyokwenda: mzigo unaingia, unakaa, unatoka.

Nikuambie mapema jambo lililonichukua miaka kulielewa. Anayeanza hutumia fedha na akili nyingi kwenye friji na rafu, halafu mlangoni hakuna mtu. Ukifuatilia chakula kilichoharibika, mara nyingi utakuta hakikuharibika kikiwa kimetulia ndani. Kiliharibika kilipokuwa kinabadilisha mikono: kilishushwa juani kikamsubiri mwenye kusaini, kilipakiwa kwenye gari lililokuwa bado la moto, kiliachwa nje kwa mteja aliyekuwa hayupo. Ndiyo maana hatua ya kupokea ni ndefu kuliko nyingine.

Namba chache za kukariri

Bakteria wengi wanaoleta magonjwa huzaliana haraka kati ya nyuzi joto 5 na 60 za Selsiasi. Basi chakula cha baridi kikae 5 au chini yake, cha moto kikae 60 au zaidi, kilichogandishwa kikae -18 au chini ya hapo. Kugandisha hakuui bakteria wote. Wengi hulala tu, na joto likirudi huamka na kuendelea na kazi. Wengine ni wakaidi zaidi: Listeria hukua polepole hata ndani ya friji, kwa hiyo "kiko kwenye friji" si jibu la "kimekaa siku ngapi?"

Chakula kikavu adui yake mkubwa ni unyevu. Nafaka nyingi huhifadhika vizuri zikiwa na unyevu wa asilimia 13 hivi au pungufu. Karanga zilizobanguliwa zinahitaji kukauka zaidi, asilimia 7 hadi 8.

Utasikia pia watu wakitaja Codex, HACCP na ISO 22000 kwa sauti ya kutisha. Codex Alimentarius ni viwango na miongozo ya tume ya mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula (FAO) na afya (WHO) iliyoanzishwa mwaka 1963, na sheria za chakula za nchi nyingi huviegemea. HACCP, yaani mbinu ya kuchambua hatari na kuzidhibiti kwenye hatua zilizo muhimu, ilizaliwa miaka ya 1960, kampuni ya Pillsbury, NASA na jeshi la Marekani walipokuwa wakiandaa chakula cha wanaanga. Kikwazo chao kilikuwa kwamba ili uwe na uhakika na kila pakiti lazima uifungue uipime, na ukishaifungua huna tena cha kumpa mwanaanga. Wakaamua kudhibiti kila mahali ambapo hatari ingeweza kuingia, badala ya kusubiri kupima mwishoni. ISO 22000, kiwango cha kimataifa cha usalama wa chakula kilichotoka mwaka 2005 na kurekebishwa 2018, inaweka mfumo wa usimamizi juu ya hayo. Hatua zilizo hapa hazikupi cheti, ila mkaguzi akija hatakukuta mikono mitupu. Na pale ambapo mamlaka ya chakula ya nchi yako inadai zaidi ya nilivyoandika, fuata inavyodai.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya mzigo wa kwanza

- Vipimajoto viwili vya kidijitali vyenye sindano. Viwili, kwa sababu kimoja kitakufa betri siku ya mzigo mkubwa.
- Kipimajoto cha kudumu ndani ya kila friji na kila friza.
- Chaga au paleti za kutosha sakafu nzima ya kuhifadhia.
- Kipima unyevu cha nafaka. Kama bado hujakipata, chupa ya kioo yenye kifuniko na chumvi kavu vitakusogeza.
- Lebo, na kalamu ya wino usiofutika.
- Daftari gumu, na kalamu iliyofungwa kwa kamba. Kamba hiyo usiidharau. Kalamu ikitoweka, rekodi nazo hutoweka.
- Tochi, sabuni, dawa ya klorini, ndoo na mifagio inayotumika ndani ya stoo tu.
- Kona yenye alama ya "USITUMIE" kwa mzigo wenye shaka.

Hatua

1. Hakiki kipimajoto chako. Jaza glasi barafu iliyopondwa, ongeza maji kidogo hadi yafunike mianya, koroga, ngoja dakika chache. Chomeka sindano katikati bila kugusa kioo. Isome 0, au isipishane nayo kwa zaidi ya nyuzi 1. Ukitumia maji yanayochemka kumbuka mwinuko: kwenye usawa wa bahari huchemka kwa nyuzi 100, na kila unapopanda mita 300 hivi hupungua karibu nyuzi 1. Nimeona mtu akitupa kipimajoto kizima kwa sababu kilisoma 95 mlimani. Barafu haina usumbufu huo. Rudia kila wiki, na kila kinapoanguka.

2. Gawa stoo kabla hujaijaza. Chakula kibichi mbali na kilicho tayari kuliwa. Sabuni, dawa za wadudu na mafuta ya mitambo zisikae chumba kimoja na chakula, hata kwa siku moja, hata zikiwa zimefungwa. Ndani ya friji, kilichopikwa kikae rafu ya juu, nyama na samaki wabichi rafu ya chini kabisa, kwa sababu majimaji hudondoka kwenda chini.

3. Simama mlangoni mzigo unapofika. Nitakaa hapa kidogo.

Usianze na makaratasi. Anza na gari. Mlango ukifunguliwa tu, vuta hewa: harufu ya mafuta ya taa, dawa, au mzigo wa jana ni sababu ya kuuliza maswali. Piga tochi sakafuni. Angalia kama kuna kinyesi cha panya, maji yaliyotuama, au magunia yaliyolowa pembeni. Uliza gari lilibeba nini safari iliyopita.

Kisha pima joto la chakula chenyewe. Namba iliyo kwenye kioo cha kipimajoto cha gari ni joto la hewa, tena mahali kihisio kilipo. Kwa bidhaa zilizofungwa, bana sindano katikati ya pakiti mbili, zikandamize pamoja, subiri namba itulie. Usitoboe. Pima angalau mara tatu: karibu na mlango, katikati na nyuma. Cha baridi kikizidi 5, au kilichogandishwa kikiwa juu ya -18, usikipitishe kimya kimya. Kwa vilivyogandishwa baadhi ya sheria hulegeza kidogo. Za Umoja wa Ulaya huruhusu joto kupanda hadi nyuzi 3 kwa muda mfupi safarini, yaani hadi -15. Ulegevu huo uandikwe kwenye makubaliano yenu, usiamuliwe mlangoni.

Mwaka wangu wa kwanza nilipokea kuku waliogandishwa jioni, mvua inataka kunyesha. Dereva akanionyesha kioo: -18. "Bosi, mzigo uko salama, umepakiwa alfajiri ya leo," akasema. Nikagusa katoni mbili za mbele, ngumu kama jiwe, nikasaini. Kesho yake mchana ndipo nilipofungua moja ya katoni hizo. Sehemu ya chini ya katoni ilikuwa na doa la kahawia lililokauka. Ndani ya mfuko, barafu ilikuwa imejikusanya upande mmoja, bapa, kama maji yaliyogandia kwenye sahani iliyoinamishwa, na kuku walikuwa wameshikamana. Mzigo ule uliyeyuka mahali fulani, maji yakatiririka upande uliolala, kisha ukagandishwa upya. Joto lilikuwa sahihi. Historia ndiyo iliyokuwa mbaya. Na sahihi yangu ilikuwa kwenye hati.

Kwa hiyo, kwa vilivyogandishwa, fungua katoni. Tafuta doa chini, barafu ya upande mmoja, pakiti zilizoshikamana, chembe kubwa za barafu. Kwa samaki wabichi, hasa jamii ya jodari na vibua, uwe mkali zaidi. Wakikaa kwenye joto hutengeneza histamini, na sumu hiyo haiondoki kwa kupika wala kwa kugandisha. Wafike wakiwa ndani ya barafu inayoyeyuka. Kwa makopo, lililovimba, linalovuja au lililobonyea kwenye mshono likataliwe. Usilifungue ili unuse.

Ukikataa, kataa kwa maandishi: andika joto, saa na sababu kwenye hati ya mzigo, piga picha, dereva asaini. Ukikubali, kuanzia mlango wa gari hadi mlango wa friji isizidi dakika 15. Vya baridi kwanza, vilivyogandishwa vifuate, vikavu vitasubiri. Kama mikono ni michache, shusha kidogo kidogo. Usishushe vyote juani halafu uanze kuhesabu.

4. Pima unyevu wa nafaka kabla ya kuzipanga. Kung'ata punje ni uzoefu, si kipimo. Kama huna kifaa, fanya hivi: chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, weka nafaka hadi theluthi, ongeza vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu, funga, tikisa kwa dakika moja, iache itulie kwa dakika 15. Chumvi ikigandamana ukutani mwa chupa, unyevu umezidi asilimia 15 na nafaka hiyo haifai kuhifadhiwa, irudi kuanikwa. Chumvi ikianguka chini yote, uko chini ya 15. Angalia vizuri: chini ya 15 si sawa na 13. Kipimo hiki kinakataza, hakiruhusu.

Chukua sampuli kutoka magunia mengi na kutoka juu, katikati na chini. Muuzaji anajua utafungua gunia la mbele.

Sababu ya ukali huu ni sumukuvu. Kuvu wa jamii ya Aspergillus akiota kwenye nafaka au karanga zenye unyevu huacha sumu isiyoonekana, isiyo na harufu, na ambayo upishi wa kawaida hauimalizi. Kuchambua punje zilizooza kunapunguza, lakini punje inayong'aa nayo inaweza kuwa na sumu. Jibu la uhakika hutoka maabara.

Mifuko isiyopitisha hewa ni mizuri dhidi ya wadudu: wanamaliza oksijeni iliyomo na kufa. Lakini ukitia nafaka mbichi humo umefungia unyevu ndani pamoja nayo. Na usiifungue kila siku kuchungulia, maana kila ukifungua unawapa wadudu pumzi mpya.

5. Panga kwa chaga, nafasi na tarehe. Chakula kisiguse sakafu. Sentimita 15 ni kiasi kizuri. Acha nusu mita kutoka ukutani, au mita nzima kama ghala ni kubwa, ili hewa ipite na wewe upite na tochi. Ukuta hutoa jasho usiku, na gunia lililouegemea hunywa jasho hilo.

Kinachoisha muda mapema ndicho kitoke mapema. Hii si sawa na "kilichoingia kwanza kitoke kwanza", kwa sababu mzigo wa leo unaweza kuwa na tarehe fupi kuliko wa mwezi uliopita. Jifunze pia kutofautisha tarehe mbili. Tarehe ya mwisho wa kutumia inahusu usalama: ikipita, chakula hakitoki. Tarehe ya "bora kabla ya" inahusu ubora: ladha na umbile vinaweza kushuka, na cha kufanya hutegemea sheria na makubaliano yenu.

Friji usiisonge. Hewa baridi inahitaji njia.

6. Andika papo hapo. Joto la kila friji na friza asubuhi na jioni. Kwa kila mzigo: tarehe, aliyeleta, bidhaa, namba ya bechi (kundi la bidhaa lililotengenezwa pamoja), kiasi, joto, aliyepokea. Kwa kila kinachotoka: kimekwenda kwa nani, bechi ipi, saa ngapi. Lengo ni uweze kutaja hatua moja nyuma na hatua moja mbele ya kila katoni.

Daftari lenye 4, 4, 4, 4 mwezi mzima ni daftari la uongo. Mkaguzi yeyote hulijua kwa kulitazama tu. Friji ya kweli hupanda na kushuka.

7. Safisha, kisha ua vijidudu. Ni kazi mbili. Dawa juu ya uchafu haifanyi kitu. Osha kwa sabuni, suuza, ndipo upake klorini: kijiko kimoja cha mezani cha dawa ya asilimia 5 kwenye lita 4 za maji inatosha kwa meza na kreti. Changanya mpya kila siku. Usiichanganye kamwe na siki, dawa ya choo yenye asidi au yenye amonia. Inatoa gesi ya sumu. Anayeharisha au kutapika asiguse chakula mpaka zipite saa 48 tangu dalili zikome.

Panya mdogo hupenya tundu la milimita 6, unene wa penseli hivi. Penseli ikipita chini ya mlango, ziba. Vidonge vya kufukiza nafaka hutoa gesi ya fosfini, ambayo huua watu. Aitwe mtaalamu aliyefunzwa na kuruhusiwa, na kamwe isifanyike karibu na watu wanapolala.

8. Andaa gari kabla ya kupakia. Kosa la kawaida kuliko yote: kupakia gari la moto ukitegemea litapoa njiani. Mashine ya gari la baridi imetengenezwa ili kutunza ubaridi uliopo, haina nguvu ya kupoza mzigo. Washa mapema, sanduku lifike joto la mzigo, ndipo ufungue. Mlango ukiwa wazi wakati wa kupakia, zima mashine, la sivyo utakuwa unavuta hewa moto na yenye unyevu kuipeleka ndani, igande kwenye koili. Ukifunga mlango, washa tena. Dereva mmoja kati ya watano husahau hilo la mwisho, kwa hesabu yangu ya kichwani.

Pakia kinyume na safari: wa mwisho kushushiwa aingie wa kwanza. Mzigo usifike dari wala usizibe mdomo wa hewa. Kama huna gari la baridi, masanduku yenye kuta nene na barafu yatafaa kwa safari fupi, alimradi upime mwanzo na mwisho. Chakula cha moto kiende kwenye vyombo vilivyopashwa kwanza kwa maji ya moto.

9. Kabidhi mkononi mwa mtu. Piga simu kabla ya kufika. Pima joto mbele ya mpokeaji, waandike wote wawili, wasaini. Asiyekuwepo, mzigo urudi. Usiachiwe mlinzi wala jirani.

10. Jaribu kurudisha mzigo uliokwishatoka kabla haijakulazimu. Mara mbili kwa mwaka, chagua bechi moja kwenye daftari ujiulize: ziko wapi katoni zake zote? Jipime kwa saa. Ukishindwa kupata jibu ndani ya saa chache, tatizo liko hatua ya 6.

Mambo yakienda kombo

*Friji inasoma 8.* Angalia mlango kwanza, kisha mpira wake: bana karatasi mlangoni, ivute, ikitoka bila ukinzani, mpira umechoka. Halafu vumbi kwenye koili za nyuma. Pima chakula chenyewe, si hewa. Kikiwa kimezidi 5 kwa zaidi ya saa 2, au hujui ni muda gani, vyakula vyepesi kuharibika vitupwe.

*Sufuria kubwa haipoi.* Usiiingize nzima kwenye friji, itapasha na vingine. Gawa kwenye vyombo vifupi, weka juu ya barafu, koroga. Ishuke kutoka 60 hadi 21 ndani ya saa 2, na kufika 5 ndani ya saa 4 zinazofuata.

*Magunia yana joto katikati.* Chomeka mkono. Joto na harufu ya uvundo maana yake unyevu na wadudu au kuvu wameanza kazi. Bomoa mpango wote, tenga yaliyoathirika, pima. Usichanganye na mazuri ili "kupunguza makali".

*Umeme umekatika.* Usifungue. Friji iliyofungwa hushikilia kama saa 4. Friza iliyojaa hadi saa 48, iliyojaa nusu saa 24.

*Umerudi baada ya siku mbili, umeme upo, hujui kama ulikatika.* Hapa ujiandae mapema. Gandisha kikombe cha maji, weka sarafu juu ya barafu, kiache ndani ya friza. Ukirudi, angalia sarafu. Iko juu: maji hayakuyeyuka, endelea na kipimajoto. Imezama katikati: barafu iliyeyuka kwa sehemu, kagua katoni moja moja kama ulivyofanya mlangoni. Iko chini kabisa ya kikombe: kila kitu kiliyeyuka na kuganda tena, na hakuna katoni ya kutoka humo.